Nelima kwa L

Kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya maji kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ilikuwa imefika karibu na vyoo, na bei ilikuwa imefika shilingi kumi kwa mtungi. Wiki iliyopita ilikuwa tano. Keateka, mtunzaji wa ploti, hakueleza chochote. Alikuwa ameandika 10/= ukutani kwa kipande cha makaa, kisha akaketi chini ya maandishi yake na kupokea pesa. Waliomzoea walimtania kwamba siku hizi anauza soda, na wawili wakachota kwa ahadi ya kulipa jioni. Agneta Nelima alitoa sarafu yake, akachota mtungi mmoja, akarudi nao chumba cha mwisho. Hakuwa na wa kumtania, na hakuhitaji mtungi wa pili.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Ikifika saa kumi na moja jioni alitakiwa awe na kadi ya mkopo ya benki, au angalau karatasi ya kuonyesha kwamba kadi inakuja. Asipokuwa nayo, kazi aliyoahidiwa ingepewa mtu mwingine.

Kwa miaka tisa Agneta alikuwa akichambua mahindi ya mbegu kwenye banda la kampuni moja ya mbegu hapo Kitale. Kazi yenyewe ni kusimama kando ya mkanda unaotembea na kutoa punje zilizovunjika, zilizooza, na zile za aina nyingine zilizojichanganya. Mashine inanguruma kutwa, na kila mtu amejifunika pua na mdomo kwa sababu ya vumbi na dawa. Unaweza kusimama ubavuni mwa mtu msimu mzima usijue kama ana mwanya. Agneta alizijua punje kuliko alivyowajua watu. Ungemwekea kumi kiganjani, angekuambia ni aina gani, zimevunwa mapema au zimechelewa, na kama zilikaushwa kwa pupa.

Mwezi wa pili, afisa wa nyanjani alipougua, supavaiza wake Kipkosgei alimchukua Agneta hadi Kachibora kuwaonyesha wakulima mbegu mpya. Wakulima walimuuliza maswali hadi jua likaanza kushuka. Bibi mmoja, Kogo Jepkoech, alimshika mkono akamuuliza jina, akaliuliza mara ya pili ili asilisahau, kisha akampa maziwa katika kikombe cha bati.

"Sasa utarudi lini?" Kogo alimuuliza.

"Mwezi ujao," Agneta akajibu, bila kujua kama ni kweli.

Alirudi Kitale siku hiyo na swali hilo kichwani. Tangu mama yake azikwe, na kaka yake aende Qatar na kupunguza simu mpaka zikaisha kabisa, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza atarudi lini. Ndiyo maana Kipkosgei alipomwambia nafasi ya afisa wa nyanjani iko wazi na anaitaka yeye, Agneta hakuanza na mshahara. Aliuliza kama Kachibora imo.

Kachibora ilikuwemo, na Kamukuywa alikozaliwa, na masoko yote ya katikati. Palikuwa na jambo moja tu. Memo ilikuwa imetoka makao makuu kwamba maafisa wa nyanjani hawatapewa tena pesa mkononi za mafuta ya pikipiki na malazi. Kila mmoja atalipa kwa kadi yake mwenyewe ya mkopo, kisha atarudishiwa baada ya siku arobaini na tano. Kadi ya kawaida ya kutolea mshahara haikukubaliwa, maana kampuni ilijua vizuri kwamba mshahara inaoulipa haufiki tarehe kumi. Ukiivua memo ile Kiingereza chake chote, ilisema hivi: wafanyakazi waikopeshe kampuni, na wasipokuwa na cha kuikopesha, wakakope.

Mwingine aliyeitaka nafasi hiyo alikuwa Kibiwott wa stoo. Kibiwott alidaiwa hadi na mama wa chai wa getini. Alikuwa na kadi mbili.

Agneta alifunga chumba, akapitia duka la Mama Leila, pale kando ya msikiti. Mbele yake alisimama Jairus wa bodaboda, amekumbatia pakiti mbili za maziwa.

"Andika, Mama Leila."

"Nimekuandika mpaka kalamu imechoka, Jairus. Mtoto kikohozi kiliisha?"

"Kiko tu. Usiku ndio kinasumbua."

"Mpe ile tangawizi nilikuambia. Na Jumatatu usiponiona hapa na pesa, nitakuja stage nikunyang'anye funguo mbele ya wateja."

Jairus akaenda akicheka. Mama Leila akairudisha daftari yake kwenye msumari na kumgeukia Agneta.

"Dada. Habari ya asubuhi."

"Nzuri. Nipe nusu mkate."

"Imepanda tena, dada. Thelathini na tano. Si mimi, ni hao wa gari."

Agneta alihesabu thelathini na tano, akapokea mkate, akaambiwa karibu tena. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi kwa miaka tisa, na hakuwahi kuona ubaya wowote hapo.

Benki ilifungua saa mbili na nusu. Sandra, msichana wa dawati la kadi, alimkumbuka, maana wiki mbili nyuma ndiye aliyemwambia tatizo lake ni lipi. Hakuwahi kukopa popote, kwa hiyo kwenye rekodi za mikopo, zile watu huita CRB, hakuwa na jina. Sandra alimshauri akope kitu kidogo kwa simu kisha alipe, ndipo mtandao umwone. Agneta alikuwa amefanya hivyo. Leo alileta fomu iliyojazwa, payslip tatu na kitambulisho.

Sandra alilinganisha kitambulisho na kompyuta, akakunja uso.

"Wewe ni Nelima ama Nerima?"

"Nelima."

"Huku kwa akaunti ni Nerima. Na R. Kitambulisho ni L. Sasa hii siwezi process."

"Lakini ni mimi. Mshahara si huwa unaingia hapo?"

"Kuingia haina shida. Ni kutoka ndio iko na shida." Sandra alisema hivyo bila utani, kama mtu anayesoma bango. "Akaunti ulifungulia Bungoma. Ile faili ya kwanza iko huko, hiyo jina inarekebishwa huko. Enda na hati ya kiapo. Wakimaliza, wanaweza hata kukufanyia kadi huko huko."

"Leo itaisha?"

"Ukifika mapema."

Agneta alielewa kosa lilipotoka. Alifungua akaunti ile akiwa na miaka ishirini na moja, alipopata kibarua chake cha kwanza Bungoma. Karani alimuuliza jina huku akiandika, naye akalitamka kama linavyotamkwa kwao, ambako L na R hukaa nyumba moja na hakuna anayejali ni ipi imefungua mlango. Karani akaandika alichosikia. Miaka kumi na tatu R hiyo ilikuwa imekaa kwenye faili ikimngoja.

Alifika Bungoma saa tano na robo. Wakili wa viapo alikuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea, na kabla ya wakili palikuwa na mpiga chapa, mama mnene mwenye shali, aliyemwambia hati ni mia nane.

"Chini wameniambia mia tano."

"Hiyo ilikuwa kabla stempu ipande."

Agneta alilipa. Mama yule akapiga chapa polepole, akisoma kwa sauti kila alichoandika, kwamba mimi Agneta Nelima naapa na kusema kwamba Agneta Nelima na Agneta Nerima ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ni mimi.

"Una uhakika ni mtu mmoja? Wasije wakatokea wawili huko kotini."

"Ni mimi peke yangu," alisema Agneta.

Aliposikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake alitamani angeyasema kwa namna nyingine. Wakili aligonga mhuri bila kumtazama usoni. Mia nane zilikuwa zimemwendea mtu ili akubali kwamba yeye yupo mara moja tu.

Pale benki dawati la mikopo lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Alingoja kwenye kiti cha chuma tangu saa sita hadi saa nane, akala mkate wake vipande vidogo vidogo ili mlinzi asimfukuze. Hakuwa na mtu wa kumpigia simu amwambie amefika wapi. Aliitoa simu mara mbili, akaiangalia saa, akairudisha mfukoni.

Bwana wa mikopo aliitwa Eliakim. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa sweta ya mikono mirefu, na aliisoma hati ya kiapo akitabasamu.

"Hii isikusumbue, dada. Mimi mwenyewe cheti changu cha kuzaliwa kinasema Eriakim. Hapa kwetu tukianza kuapa wote, hata mawakili wataomba rikizo."

Agneta alicheka. Lilikuwa jambo dogo, lakini tangu asubuhi hakuna aliyemtarajia acheke, na kwa muda alihisi mambo yatakwenda sawa. Eliakim alirekebisha jina. Kisha akafungua ukurasa wa rekodi, akaandika namba ya kitambulisho, akangoja. Kiduara kilizunguka kwenye kompyuta. Aliandika tena, polepole zaidi.

"Hakuna lekodi," alisema.

"Hiyo ni mbaya?"

"Mbaya ingekuwa afadhali. Mtu mbaya tunamjua. Amekopa, amesumbua, ameripa, tabia yake tunaiona. Wewe hapa ni kama hujazaliwa."

"Lakini nilikopa. Ni Sandra wa Kitale aliniambia nikope. Kwa simu, wiki mbili zimepita."

Eliakim aliomba namba ya simu, akatafuta mahali pengine, akasogeza uso karibu na kompyuta.

"Naiona. Ulichukua elfu moja, saa saba na dakika kumi." Akasoma mstari uliofuata. "Saa saba na hamsini ukarudisha." Akavua miwani. "Dada, haraka ilikuwa ya nini?"

"Si nilikuwa nimemaliza nayo."

"Ulifanya nayo nini?"

"Hakuna."

Hakujua jinsi ya kumweleza. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha karatasi Webuye, na kiwanda kilipofunga alianza kukopa kwa huyu amlipe yule. Agneta alikuwa na miaka kumi na saba watu watatu walipokuja na mkokoteni. Walibeba viti, wakabeba redio, kisha wakabeba cherehani ya mama yake ikiwa bado na nguo ndani, gauni la shule alilokuwa akimshonea, sindano imezama kwenye kola. Mama aliwaomba amalizie mshono. Walisema hawana wakati. Tangu hapo Agneta hakuwahi kulala na kitu cha mtu. Ile elfu moja ilipoingia kwenye simu alikaa nayo nyuma ya banda wakati wa chakula akashindwa kula, na dakika arobaini zilipoisha aliirudisha na ada yake ya shilingi tisini, akarudi kwenye mkanda na tumbo limetulia.

"Siku hiyo hiyo haihesabiki," Eliakim alisema. "Sistimu inaona kama mtu amebonyeza vibaya, akarudisha. Ungekaa nayo mwezi. Hata ungecherewa kidogo."

"Nichelewe?"

"Kidogo tu. Ndio ijue uko."

Agneta alitazama mikono yake. Miaka kumi na saba alikuwa amejinyima sukari, amevaa viatu vya kushonwa na kushonwa tena, amelipa kodi tarehe moja kabla mwenye nyumba hajaamka, akijua kwamba anajenga kitu. Kumbe alikuwa akijifuta.

"Na hapa kwa wadhamini," Eliakim aliendelea, akigeuza fomu, "watu wawili si ndugu, wanakujua miaka tatu ama zaidi. Umeandika Mama Leila. Jina lake lenyewe ni nani?"

Agneta alifungua mdomo. Alimjua Mama Leila anavyokohoa vumbi la unga likimpata, alijua anafunga duka saa ngapi mwezi wa Ramadhani.

"Sijui," akasema.

"Na unamjua miaka ngapi?"

"Tisa."

"Wa pili hukuandika."

"Bado nilikuwa nafikiria."

Eliakim hakumcheka. Alishusha sauti, kama daktari. Ipo njia moja kwa watu wasio na rekodi, alisema. Aweke benki elfu hamsini. Benki izifungie, asiziguse, kisha impe kadi ya mkopo ya elfu arobaini.

Agneta aliirudia kichwani ili aone kama amesikia vizuri.

"Kwa hivyo mnanikopesha yangu."

"Eh. Yako. Lakini kwa utaratibu."

"Na riba?"

"Liba iko."

Kwenye akaunti alikuwa na elfu sitini na moja, akiba yake yote. Alifikiria kikombe cha bati cha Kogo Jepkoech. Alifikiria Jumatatu, barakoa na kelele za mashine, na Jumatatu zilizo nyuma ya hiyo. Akasema, "Funga."

Eliakim alifurahi kwa ajili yake, ilionekana. Alimpa karatasi atie sahihi mahali sita, akagonga mhuri wa kupokelewa. Agneta akauliza kama kadi ataibeba leo.

"Leo? Hapana, dada. Siku ishirini na moja. Za kazi."

"Basi nipe barua. Kazini wamesema hata barua ni sawa. Ya kuonyesha inakuja."

"Barua ni ya mtu amekubariwa. Wewe umepokerewa. Kukubariwa ni Nairobi."

Hapakuwa na ubaya ndani ya sauti yake. Laiti ungekuwepo, Agneta angepata wa kumkasirikia. Aliomba ruhusa, akaipiga picha ile fomu, mhuri ukionekana, akamtumia Kipkosgei na maneno machache: Supa, wamepokea. Inachukua siku 21. Pesa wameshika. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu pajani.

"Pole Agneta. HR wamefunga hiyo nafasi leo mchana, hawakungoja saa kumi na moja. Wamepea Kibiwott juu ako na kadi tayari. Si mimi bana, ni system. Lakini Jumatatu ukuje mapema umfundishe hizo mbegu, hazijui kabisa. Kachibora wanamngoja Jumatano."

Agneta alisoma hadi mwisho, akarudi kwenye sentensi ya mwisho. Kachibora wanamngoja. Aliandika, Kwa rekodi mimi sijawahi kufundisha mtu. Akaitazama. Akaifuta. Akaandika, Sawa supa. Akaifuta hiyo pia. Aliuacha ujumbe wa Kipkosgei hivyo hivyo, umesomwa, bila jibu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mkubwa yeyote maishani mwake.

"Usifunge pesa," alimwambia Eliakim. "Nipe fomu yangu."

"Lakini ukikaa mwaka mmoja hivi, lekodi yako itaanza kuonekana."

"Kwa nani?"

Eliakim alifikiria swali lile kwa uaminifu wote. Akamrudishia fomu. Juu yake, kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya benki, jina lilikuwa limeandikwa sawasawa.

Alishuka Kitale saa moja kasoro jioni, mvua ikinyunya. Njia ya kwenda kwenye ploti ilikuwa na watu wengi wanaotoka kazini, na kila mmoja alikuwa akiitwa na mtu. Mama nani, ngoja tutembee pamoja. Baba nani, ile kitu yangu. Agneta alitembea katikati yao mpaka taa ya duka la Mama Leila. Waumini walikuwa wanatoka msikitini, na Mama Leila alikuwa akiingiza ndani magunia ya makaa yasilowe.

"Dada, leo umechelewa."

"Nilikuwa Bungoma. Nipe nusu mkate. Na nusu kilo ya sukari."

Mama Leila alifunga sukari kwenye karatasi, akaiweka kwenye kaunta kando ya mkate. "Mia moja na ishirini. Sukari nayo ni themanini na tano, usinilaumu."

Agneta alitia mkono mfukoni. Noti ya mia mbili ilikuwepo, aliigusa kwa vidole. Akautoa mkono mtupu.

"Andika," akasema.

"Niandike?"

"Andika. Nitalipa kesho."

Mama Leila aliacha kupangusa kaunta. "Kuna shida, dada? Umefiwa?"

"Sijafiwa. Andika tu."

Mama Leila akaishusha daftari kutoka kwenye msumari, akalowesha kidole, akafunua kurasa. Yakapita majina ya Jairus, na Mama Kigen, na Fundi wa Redio, na wengine ambao Agneta aliwasikia tu kupitia ukuta wa mabati, kila mmoja na ukurasa wake, na michoro, na tarehe, na maneno madogo pembeni. Akafika ukurasa mweupe. Kalamu ikabaki hewani.

"Naandika nani?"

Uso wa Mama Leila ukajaa haya.

"Wallahi, jina lako silijui. Huna mtoto hapa nikuite mama nani. Na wewe unalipa pale pale, sijawahi hitaji. Miaka yote hii nakuita tu dada."

"Mimi pia lako sikulijua. Leo nimeulizwa nikasema sijui."

"Uliulizwa na nani?"

"Benki. Walitaka mtu ananijua."

Mama Leila alimtazama. "Naitwa Arafa," alisema.

"Mimi ni Agneta Nelima."

Arafa akaandika polepole, ulimi ukichungulia kwenye kona ya mdomo. Agneta aliegemea kaunta aone.

"Hapana. Ni L. Nelima, kwa L."

Arafa akaikata ile herufi, akaandika nyingine juu yake, akaizungushia wino mpaka ikanenepa. Chini yake akaandika sukari, mkate, mia na ishirini, Ijumaa. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyowaonya wadeni wote, na hakujua namna nyingine ya kufunga hesabu, akamnyooshea kalamu.

"Kesho, Nelima. Saa mbili usipokuwa hapa nakuja kukutafuta. Najua ni chumba cha mwisho. Nitagonga mpaka ufungue."

"Utakuja mwenyewe?"

"Nimtume nani? Nitakuja mwenyewe."

Siku ya pili ilikuwa Jumamosi. Saa mbili ikafika, ikapita. Saa tatu Agneta alikuwa bado chumbani, mia na ishirini ziko mezani, zimehesabiwa tangu alfajiri. Alizishika mara tatu aende, na mara tatu akazirudisha. Alikuwa amechemsha chai ya vikombe viwili na kuitia sukari ya Arafa. Mlango aliuacha wazi, akaketi akiuangalia.